Alama za Mama Mkia

Watembeaji walimwita Mama Mkia kwa sababu alitembea nyuma ya wote. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyeliuliza, naye hakuona sababu ya kuwapa watu kitu ambacho hawakukiomba. Kazi ya mkia ni kuhakikisha kwamba waliopanda mlima ndio haohao watakaoshuka. Aliyechoka humpa bega. Aliyechepuka vichakani kujisaidia humngoja kwa mbali, amempa kisogo. Aliyeketi chini akasema hawezi tena, humsimanga mpaka ainuke kwa hasira. Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoiweza kuliko zote.

"Mtu mzima unalilia kilima," angesema. "Wenzako wanalilia waume."

Mbele alitembea mume wake. Huyo alijiita Kapteni, ingawa maishani mwake hajapata kuongoza hata mtumbwi. Alikuwa na kofia ya pama, miwani myeusi na mdomo. Hasa mdomo. Watu wa mjini waliotaka kupanda mlima wikendi walimpigia simu yeye, walipiga picha naye, walimshukuru yeye. Aliyeamka mapema kuchemsha chai, kujaza madumu na kukagua kamba za mabegi ni mkewe, lakini chai haina saini ya mtu.

Kitu kimoja tu kilikuwa chake. Kilikuwa kifaa cha GPS cha mkononi, cha rangi ya manjano na nyeusi, kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, chenye pembe fupi juu na kamba ya kuvaa shingoni. Alikipata kwa mzee mmoja mpima ardhi aliyekuwa akitembea nao kabla magoti hayajamgomea. Siku aliyoaga, mzee alikitoa mfukoni mbele ya watu wote akamwekea mkononi.

"Hiki ni chako, mama," alisema. "Si cha Kapteni."

Watu walicheka. Kapteni alicheka kuliko wote, na huo ulikuwa mwanzo wa chuki.

Mzee alimfundisha kukitumia kabla hajaondoka. Ukianza safari, alimwambia, usikiwashe huku unakimbia. Kiweke mahali wazi, uso wake uangalie mbingu, usubiri mpaka kikamate setilaiti. Ukikiharakisha kitakudanganya, nawe utastahili. Safari ikiisha toa betri, usiziache ndani zikatapika. Usichanganye betri mpya na kuukuu. Kwenye baridi, betri za akiba ziweke karibu na mwili, maana baridi huzinyonya. Kioo kifute kwa kitambaa laini, siyo kwa mkono uliotoka kwenye mafuta. Na usikiache garini juani.

Mama Mkia aliyashika yote. Shule hakwenda, hivyo alizoea kushika mambo kichwani. Hakuwa na mahali pengine pa kuyaweka. Alikishonea mfuko kutokana na mguu wa suruali ya jinzi. Jioni alikifuta kwa kipande cha fulana kuukuu, akasugua vyuma vya betri kwa raba ya penseli mpaka ving'ae, kisha akakilaza ndani ya kopo la mchele mkavu ili unyevu wote utoke. Mumewe alimwona akamcheka.

"Mbona mimi hujawahi kunilaza hivyo?"

"Wewe huna kitufe cha kuzimia."

Kuhusu kusoma, mzee alimwambia asijali. Kifaa kile kinaweka alama mahali unapotaka: unabonyeza, unashikilia, unachagua picha, basi. Picha ziko chungu nzima ndani yake, na chini ya kila picha kinajiwekea namba chenyewe. Mama Mkia akachagua picha kwa akili yake. Mzee alidhani atatumia picha ya hema mahali pa kupiga hema. Yeye hakuona maana ya hilo. Mahali pa hema anapaona kwa macho, hana haja ya kukumbushwa. Alichotaka kukumbushwa ni hatari.

Kwa hiyo picha ya samaki aliiweka kwenye miamba inayoteleza, kwa sababu kila aliyeikanyaga ikiwa na maji alirukaruka kama samaki aliyetolewa majini. Simu aliiweka kwenye njia panda, maana hapo mkia lazima upige kelele na kichwa kiitikie. Uma na kisu aliviweka palipo na siafu, kwa sababu hapo anayeliwa ni wewe. Na ndege aliiweka ukingoni mwa korongo kubwa la upande wa mashariki. Ukikosea hatua pale, utaruka, na safari ya hewani itakuwa fupi.

Miaka ilikwenda, mlima ukajaa picha. Kapteni hakuuliza hata siku moja zina maana gani. Hali ya hewa ikiwa nzuri aliongoza kwa kukumbuka. Ukungu ukishuka alipaza sauti bila kugeuka nyuma: "Mama Mkia, tukoje?" Naye angejibu kutoka mwisho wa mstari, "Kushoto, kisha teremka." Kapteni angewaambia watembeaji, "Kushoto, kisha teremka," kwa sauti nzito, kana kwamba mlima umemnong'oneza yeye.

Kisha akaja Msusi. Alikuwa na saluni yake mwenyewe na nyumba yake mwenyewe nyuma ya saluni. Alijiunga na matembezi akiwa na viatu vyeupe, akashuka navyo vikiwa vyeusi huku akicheka. Alikuwa na kicheko cha mtu ambaye hajawahi kuambiwa anyamaze. Kapteni akaanza kuchelewa kurudi. Kisha akaanza kunyoa kila siku. Mwishowe alihamia nyumba ya nyuma ya saluni, na ndoa ya pili ikafungwa, na Mama Mkia akabaki kwenye chumba kimoja na jiko la gesi la sahani moja, godoro lililobonyea upande wa mtu asiyekuwepo, na kopo la mchele.

"Kazi ni kazi, ndoa ni ndoa," Kapteni alimwambia. "Mkiani utabaki."

Alibaki. Hakuwa na kazi nyingine. Wiki hadi wiki alitembea nyuma akitazama mgongo wa mumewe mbele na mgongo wa mke mwenzake katikati, akihesabu neema chache zilizosalia: miguu yake mizima na kifaa shingoni.

Mchana mmoja Kapteni aliingia chumbani bila kupiga hodi.

"Kiko wapi?"

"Nini?"

"Usinichoshe. GPS."

"Kimelala."

"Kiamshe. Jumamosi mwenzio ndiye atakayetembea mkiani. Anataka kujifunza kazi."

Mama Mkia alikuwa akichambua maharage. Hakuinua uso. "Mwenye kucha kama zile atabonyeza kwa kitu gani? Kwa pua?"

"Atajifunza."

"Na mimi?"

"Utabeba sufuria na chai. Ukitaka. Hutaki, wabebaji wako wengi."

"Mzee alinipa mimi."

"Cha mke ni cha mume."

"Basi chukua na maumivu ya mgongo wangu. Nayo ni yako, nimekutunzia."

Kapteni alisonya. Alichukua kopo juu ya rafu, akalipindua. Mchele ukamwagika sakafuni, kifaa kikaanguka katikati yake, akakiokota, akakipuliza, akatoka. Mfuko wa jinzi aliuacha ukining'inia msumarini. Hakujua ni wa nini.

Mama Mkia aliokota mchele punje kwa punje, kwa sababu alikuwa na hasira na mikono ilitaka kitu cha kufanya. Hakumkimbilia kumwambia habari za picha. Hakuulizwa. Aliapa mbele ya ukuta kwamba kifaa kile kitarudi mkononi mwake. Bila hicho, mkia ni mtu yeyote tu, na mtu yeyote hufukuzwa siku yoyote. Angekwenda Jumamosi, angebeba hiyo sufuria, na asingerudi mikono mitupu.

Jumamosi walikutana kwenye maegesho ya chini ya mlima. Watembeaji walikuwa wachache: Nesi mstaafu, mwanamke mnene asiye na mchezo, aliyetembea na fimbo aliyoichonga mwenyewe; Dereva wa lori, mtu wa utani; na makarani wawili wa benki, wasichana, kila mmoja na viatu vipya vinavyolia. Msusi alikuwa amevaa kofia ya pama kama ya mumewe. Kifaa kilikuwa juu ya dashibodi ya gari, madirisha yamefungwa, jua linapiga kioo.

Mama Mkia alikiona akahisi kama ameona mtoto amefungiwa ndani. Alifunga sufuria mgongoni.

Waliondoka palepale. Msusi alikiwasha kifaa akiwa tayari anatembea, amekishika kama kioo cha kujitazamia, pembe ikiangalia chini.

"Kinasema tuko saluni," alisema.

"Basi nisuke," alisema Dereva. Upara wake uling'aa, watu wakaangua kicheko.

"Kitazinduka," alisema Kapteni. "Mke wangu ni mwepesi wa kujifunza."

Mama Mkia, mwisho kabisa wa mstari, hatua moja nyuma ya Msusi, alitazama alama za vidole vya mafuta ya nywele juu ya kioo.

Kweli kilizinduka baadaye, kikaanza kuonyesha njia na picha zake. Msusi alifurahi kama aliyefungua zawadi. Alitangaza kila picha kwa sauti: kuna simu hapa, lazima mtandao unashika! Makarani walitoa simu zao kwenye njia panda, wakazinyanyua juu, wakazizungusha, wakazirudisha mfukoni. Kuna samaki hapa, lazima kuna bwawa! Karani mmoja alikwenda kutafuta bwawa, akarudi akiserereka kwa makalio juu ya mwamba, suruali imepasuka. Mama Mkia alimwinua.

Jua lilipokuwa utosini Kapteni aliuliza mahali pa kula.

"Kuna uma na kisu hapo mbele," alisema Msusi. "Chini ya mti."

"Si unaona?" Kapteni aliwaambia watu. "Kila kitu kimepangwa."

Walifika, wakatandika turubai, wakavua viatu. Mama Mkia alitua sufuria, akachomeka miguu ya suruali ndani ya soksi, akapanda juu ya jiwe kubwa akasimama. Hakuwa na haja ya kusubiri sana. Karani wa kwanza alipiga ukelele akijishika paja. Wa pili alifuata. Dereva aliruka juu akajipiga makofi mwilini kama mtu anayezima moto, na Kapteni akakimbia na kofia yake, akaipigapiga chini, akaivaa tena, akaivua tena haraka zaidi. Msusi alilia akivuta nywele zake mwenyewe, maana siafu walikwisha fika huko.

Nesi hakupiga kelele. Alijitoa siafu mmoja mmoja kwa kucha, huku amemkazia macho mwanamke aliye juu ya jiwe.

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Mimi ni wa sufuria."

Nesi akatema mate pembeni. Mama Mkia alijaribu kujisikia vizuri. Alijisikia vizuri kidogo alipomwona Kapteni akijikuna. Alipomwona yule karani mdogo amevimba shingo, hakujisikia chochote.

Walikula wamesimama, mahali pengine, kwa haraka na kwa maneno machache. Ndipo ukungu ukashuka. Uliteremka kutoka kileleni kama maji ya sabuni yaliyomwagwa, ukafunika mti, ukafunika jiwe, ukafunika viatu vya mtu aliye mbele yako. Kapteni alisimama. Alifungua mdomo, na kwa mazoea Mama Mkia akajua ni neno gani linakuja. Lakini halikuja. Kapteni alimwita Msusi aje mbele.

"Tukoje?"

Msusi alibonyeza, akafuta kioo kwa shavu, akabonyeza tena. "Alama ya betri inapepesa. Subiri. Kuna ndege hapa karibu. Mkono wa kulia."

"Ndege! Uwanja wa ndege ni tambarare," alisema Kapteni. "Ni mahali pa wazi. Tutatulia hapo mpaka ukungu upite. Elekeza mshale huko."

Mshale ukaelekezwa. Kifaa kile hakijui njia wala korongo. Ukikiambia kikupeleke mahali, kinachora mstari ulionyooka tu. Mstari ule ulitoka njiani ukaingia majanini kulia. Kapteni akaufuata, na watu wakashikana mabegi wakamfuata Kapteni.

Mama Mkia alikuwa nyuma. Alisikia neno ndege, na miguu yake ikatangulia kabla hajaamua. Aliwapita makarani, akampita Dereva, akampita Nesi, sufuria ikigonga mgongo, akampita mumewe kwa kumsukuma bega, akatua sufuria mbele yake kwa kishindo, akaketi chini, majani yakiwa yamelowa.

"Huko hakuendeki."

"Ondoka njiani."

"Huko ni korongo."

"Kifaa kinasema uwanja."

"Kifaa hakisemi. Mimi ndiye niliyesema. Hiyo picha niliiweka kwa mkono wangu."

Kapteni aliwageukia watembeaji, akatandaza mikono. "Mnamwona? Wivu. Tangu asubuhi ananuna, sasa anataka kuniaibisha mbele ya wageni."

"Twendeni tu," alisema karani mmoja, akijikuna. "Huyu mama alituacha tukaliwa."

Nesi alisogea mbele kwa fimbo yake. "Ni kweli. Ulisimama juu ya jiwe ukatutazama. Sasa tukuamini kwa lipi?"

Mama Mkia alijua Nesi amesema kweli. Kama angesema mapema, neno lake lingekuwa na uzito. Kwa ajili ya kufurahia siafu, alikuwa ameliuza. Alitazama nyuso zilizotoka nusu kwenye ukungu, zote zikimtazama kwa chuki, hata ya Dereva, na akaona kwamba watapita kushoto au kulia kwake na atabaki ameketi peke yake.

Basi akainuka, akainyanyua sufuria kwa vishikio vyote viwili. Ilikuwa sufuria nzito ya Kapteni, aliyoinunua kwa ajili ya matembezi na kuitaja kila mara. Akaibingirisha mbele, ukunguni, kwa nguvu zake zote.

Waliisikia ikigonga jiwe. Ikagonga tena. Halafu haikusikika. Kimya kile kilikuwa kirefu kiasi kwamba karani mdogo alianza kutabasamu, akidhani imesimama majanini. Ndipo sauti yake ikarudi kutoka chini, ndogo, mbali sana, kama kijiko kilichoanguka katika nyumba ya jirani.

Hakuna aliyesogea. Dereva alikaa chini taratibu, akashika majani kwa mikono yote miwili.

"Mama yangu mzazi," alisema.

Mama Mkia alirudi akaketi palepale.

"Sasa nataka changu."

"Nini?" aliuliza Kapteni.

"Kifaa changu."

"Tuteremshe kwanza. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Changu kwanza."

"Unafanya biashara na roho za watu?"

"Mimi? Nani aliyekuwa akizipeleka huko?"

"Sitoi," alisema Kapteni. "Siwezi kuamrishwa na mwanamke mbele ya watu. Tutakaa hapa mpaka ukungu upite."

"Kaeni. Mchana huu ukiisha, baridi itawafundisha adabu."

"Kaka," Dereva alisema kutoka chini, "mpe mama kitu chake. Mimi nina wanangu."

"Nimesema sitoi!"

Lakini kifaa hakikuwa shingoni mwake. Kilikuwa shingoni mwa Msusi, ambaye tangu sufuria ilipopotea hakuwa amefumba mdomo. Aliinua mikono akavua kamba kupitia juu ya kofia.

"Ukimpa," Kapteni alisema, "usirudi kwangu."

Msusi alimtazama kama mtu anayemwona mara ya kwanza. "Kwako wapi? Nyumba si ni yangu?"

Dereva aliguna. Hakuna aliyecheka kwa sauti, lakini ukungu wote ulijua.

Msusi alikikabidhi kwa mikono miwili. "Samahani, dada."

Mama Mkia alikichukua. Alitoa kitambaa chake cha fulana, akafuta mafuta ya nywele kwenye kioo mpaka kikawa safi. Akafungua mgongo wa kifaa, akatoa betri zilizokuwemo, moja mpya na moja kuukuu, kama alivyohofia. Akaingiza mkono kifuani akatoa za akiba, bado zina joto la mwili wake, akaziweka. Kisha akasogea mahali ambapo miti haikufunika, akakiinua uso wake ukitazama juu, akasimama.

"Twende basi!" karani mmoja alilia. "Unasubiri nini?"

"Hakijatuona. Kelele zenu hazitakisaidia."

Walisubiri. Aliwasubirisha kwa sababu ilibidi, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu ilimpendeza. Picha ziliporudi moja baada ya nyingine kwenye kioo, aliwarudisha njiani, akawaamuru washikane mikanda.

"Anayeachia mkanda asinilaumu," alisema, akaanza kuteremka.

Alitembea mbele. Alikuwa hajawahi kutembea mbele katika mlima ule, na hakupapenda mbele. Huwaoni watu, unawasikia tu wakilalamika. Kwenye samaki alisema kaeni kitako, watu wakakaa kitako wakaserereka. Kwenye simu alipaza sauti kuwahesabu, nao wakaitikia mmoja mmoja. Wa mwisho kuitikia, kwa sauti ndogo kutoka nyuma kabisa, alikuwa Kapteni. Hakuna aliyempanga huko. Alijikuta.

Walipofika maegesho hakuna aliyeaga vizuri. Kapteni hakusubiri hata watu wavue viatu. Alisema mkewe mkubwa amewatega, amepanga picha za uongo makusudi ili kumwangamiza yeye na mwenzake, na kwamba mtu wa namna hiyo ni wa polisi. Makarani walimwamini. Walikuwa na malengelenge na vipele vya siafu, na mtu mwenye vipele hutafuta wa kumlaumu aliye karibu. Dereva alisema yeye hana upande, ana lori. Mama Mkia alikivaa kifaa shingoni ndani ya blauzi, akaenda zake kwa miguu.

Kapteni aliendelea kuwapandisha watu, siku za jua tu, kwa njia fupi, na kofia yake. Kuhusu Mama Mkia alisimulia vizuri sana. Mdomo hakuuacha korongoni. Kila aliyesikia alitia chumvi yake. Sokoni mwanamke mmoja alimwonyesha mwenzake kwa kidevu: ndiye huyo aliyetaka kuwatupa watu. Mama Mkia alinunua nyanya zake akaondoka. Kifaa alikuwa nacho. Watembeaji hakuwa nao.

Nesi mwenyewe alikuja chumbani kwa Mama Mkia, akiegemea fimbo, akaketi juu ya godoro bila kukaribishwa, upande uliobonyea.

"Nataka kutembea," alisema. "Nina marafiki zangu wastaafu, nao wanataka. Na wewe, siyo na yule bwana."

"Mimi si muuaji?"

"Ungekuwa muuaji usingepoteza sufuria. Lakini siafu sijakusamehe."

"Sijakuomba."

"Najua. Sasa sikiliza. Siwezi kuwapandisha wazee kwa kifaa kinachozungumza na mtu mmoja. Ukianguka wewe, ukapata homa, sisi tutasoma nini? Ndege? Nataka tuandike maneno chini ya kila picha. Wewe taja, mimi nitaandika."

Mama Mkia aliona wamekuja tena kumnyang'anya, safari hii kwa upole.

"Yaani nikupe yote. Halafu kesho uniambie nibebe sufuria."

"Huna sufuria. Uliitupa."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Kama hutaki, baki nacho. Kikalie. Kitakuwa chako, na mlima utakuwa wa Kapteni." Nesi aliinuka nusu, akishika fimbo.

Nje mtu alipita akiburuta ndoo. Mama Mkia alitazama kopo la mchele, akatazama mlango. Kisha akakitoa kifaa shingoni, lakini hakukiachia kamba. Aliizungusha kwenye kiganja chake, na Nesi akabonyeza vitufe kifaa kikiwa katikati yao, kamba imekazwa.

Walifanya kazi hiyo wakiwa wamenuniana. Nesi alikuwa mzito wa kuchagua herufi, Mama Mkia mwepesi wa kutukana. Samaki, jiwe linateleza. Simu, njia panda. Uma na kisu. Hapo Nesi aliandika kwa bidii ya pekee, akibonyeza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Ndege, korongo, hilo aliliandika, akalisoma kwa sauti, akamwonyesha. Waliendelea mpaka upande wa juu kabisa, karibu na kilele, na hapo Nesi akasimama.

"Na hili fuvu?"

Mama Mkia alitazama pembeni. "Maji."

"Maji yenye sumu?"

"Maji matamu kuliko yote mlimani. Yanatoka chini ya mwamba, hayakauki hata kiangazi."

"Wiki zote hizo tulikuwa tukibeba madumu, na maji yapo?"

"Yapo."

"Sasa fuvu la nini?"

"Hapo ndipo aliponiambia anaoa. Nilikuwa nimeinama nachota. Hakungoja hata dumu lijae."

Nesi hakusema pole. Alikuwa amesema pole nyingi katika kazi yake, zilikuwa zimemwishia. Aliweka kidole juu ya kitufe.

"Niandikeje?"

"Andika maji. Watu wana kiu."

"Na picha? Kuna ya bomba hapa, naiona. Nibadilishe?"

Mama Mkia alivuta kamba, kifaa kikasogea upande wake.

"Maneno ni yenu," alisema. "Picha usiiguse."